Tone la Wino Mbele ya Waziri

Ukoo wa Kasumori ulikuwa umelichorea kasri la Kyoto kwa vizazi vingi, na mzee Nagatsune ndiye aliyekuwa mkuu wa wachoraji. Siku aliyompeleka mwanawe Tokiharu kuchora mbele ya waziri, ili akubaliwe kukirithi cheo, alijua fika kwamba kijana mkono wake ni mzito. Majivuno tu yalimsukuma.

"Chora korongo," alimnong'oneza. "Maajabu waachie wengine."

Tokiharu akapiga magoti mbele ya hariri ya kuchorea, akaanza vizuri. Mabawa yakapita, shingo ikapita. Alipoinua brashi, tone la wino likadondoka pembeni. Mchoraji mwenye akili zake angeligeuza jiwe au konokono, akaendelea kana kwamba alikusudia. Tokiharu akalifuta kwa mkono wa joho! Hariri haifutiki. Wino ukatapakaa, korongo akawa kama kuku aliyenyeshewa.

"Mzee Nagatsune," waziri akasema, "huyu ni damu yako kweli, au ulimwokota sokoni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nagatsune akahisi uso unawaka. Katika nyumba za wachoraji, kumchukua mwanafunzi hodari na kumfanya mwana ni jambo la kawaida, wala hakuna anayeuliza mara mbili. Neno la uongo likamtoka kabla hajalipima.

"Si damu yangu, Mheshimiwa. Nilimchukua akiwa mdogo, nikidhani atafaa."

"Ala! Basi chukua mwingine."

"Nitachukua, Mheshimiwa."

Cheo kikaokoka. Tokiharu aliinama hadi paji la uso likagusa sakafu, kisha akakunja hariri yake polepole.

Wakashika njia kurudi nyumbani. Mzee alitamani ardhi immeze. Mara mbili alifungua kinywa aombe radhi, mara mbili akakifunga, kwa sababu hakuwahi kumwomba mwanawe radhi na hakujua inaanzia wapi. Mwoga mkubwa!

Walipofika nyumbani, mkewe Oriku alikuwa amekwisha kujitokeza mlangoni, mikono ina unga wa mchele.

"Haya, mwanangu, nipe habari! Wamesemaje?"

"Muulize Mwalimu, Mama," Tokiharu akajibu kwa adabu, akapita ndani.

"Mwalimu? Mwalimu gani tena?" Oriku akacheka, akamgeukia mumewe.

Nagatsune alikuwa ameinama akifungua kamba za viatu vyake vya majani. Zilikuwa zimefunguka kitambo, naye bado hakuinua kichwa.