Mkate Chini ya Nywele

...tena mkate wenyewe umekunjwa kwa adabu zote, tishu juu tishu chini, yai katikati, kama zawadi ya harusi, haujaguswa hata na jino la bahati mbaya, anawaza Shangazi huku vidole vyake vinagawa nywele za Kibonge, njia moja kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, kitana kipite, mafuta kidogo, anza kusuka, mikono inajua kazi haimhitaji mwenyewe, ila akili imebaki kule nyuma ya pazia kwenye pipa la taka, maana kusema kweli Shangazi alikuwa anatafuta nini kwenye pipa, mtu mwenye saluni yake, mkono mpaka kiwiko ndani ya nywele zilizofagiwa... hilo tuliache kwanza, hilo litangoja, "inama kidogo mama," anasema, na mtoto anainama, mtoto gani, mwanamke mzima, binti wa kaka yake, amekaa kwenye kistuli katikati ya magoti yake kama alivyokaa tangu ana meno ya utoto, na zamani ukimweka hapa magoti yanatanuka yenyewe, unamsikia mwili mzima wa moto kama mkate umetoka jikoni, leo magoti ya Shangazi yanatafutana, na kinachogusa mapaja yake ni mifupa miwili ya mabega, mikavu, imechongoka, ukisogea inakuchoma, na jua lote hili la nje mtoto kavaa sweta.

"Kibonge! Hivi ni wewe?" anapiga kelele Mama Pacha, muuza vitambaa wa duka la jirani, kichwa chake chote kiko ndani ya draya, rola mpaka masikioni, na mtu akishaingia kwenye draya anadhani dunia nzima imekuwa kiziwi, "yaani nimekaa hapa najiuliza huyu mrembo wa gazetini katokea wapi! Unatumia nini, mwanangu? Nitajie na mie nilipunguze hili tumbo, pacha wametoka zamani lenyewe limegoma kuhama!" na Kibonge anasema polepole, kama mtu anayeweka akiba ya sauti, "situmii kitu, mama, najitunza tu," na Mama Pacha, "eti nini?" na Shangazi ndiye anajibu kwa niaba, "anajitunza! Wewe unatunza vitambaa, mwenzio anajitunza yeye!" na anacheka, lile cheko lake linalowafanya wapita njia wachungulie mlangoni, na Mama Pacha anacheka mpaka draya inatikisika, na katikati ya cheko hilohilo nywele za pembeni za Kibonge zinamtoka Shangazi mkononi, hajavuta, anaapa hajavuta, kazigusa tu zikaja, kifungu kizima na mizizi yake, kama uzi kwenye nguo iliyooza, anazisokomeza kwenye mfuko wa aproni haraka haraka, huku bado anacheka, maana cheko lake haliwezi kusimama ghafla, lina mteremko wake.

Kichwa hiki anakijua, jamani, kakisuka cha shule, kakisuka cha sikukuu, kakisuka cha misiba, nywele zilikuwa nzito zinavunja vitana, Shangazi alikuwa anamgombeza Mungu kwa utani kwamba kazimwaga zote sehemu moja, na sasa ngozi ya kichwa inaonekana kama njia ya miguu kwenye majani makavu, na hapa shingoni, ngoja, hapa chini ya kisogo, hivi ni vinyweleo gani, laini, vyepesi, vimelala shingo nzima mpaka mgongoni vinaingia ndani ya sweta, kama vya mtoto mchanga, Shangazi anapitisha dole gumba na vinyweleo vinasimama... na hapo ndipo anamkumbuka nesi, yule mteja wake mrefu, siku ile kakaa kiti hikihiki na habari zake za wodini, akasema mwili ukinyimwa chakula unasikia baridi, unajiotesha vinyweleo ujifunike wenyewe, akasema wapo watu chakula kimewageuka, wengine hawali, wengine wanakula wanakwenda kutapika, wengine wanakula wamejificha mpaka tumbo linauma na bado mkono unaenda, na ukiwaona kwa macho utasema hawa na hawa wapi na wapi, kumbe wote ni watoto wa mama mmoja, wote wanaumwa na kile wanachokiona wakijitazama, na Shangazi ndiye akadakia, "mie ugonjwa wangu nesi ni sahani ikibaki tupu!" watu wakafa kwa kucheka, nesi mwenyewe akacheka, na hakuna aliyeona kwamba mkono wa Shangazi ulikuwa umesimama hewani na kitana chake.

Basi tuseme. Alikuwa anatafuta nini kwenye pipa. Alikuwa anaficha. Karatasi ya biskuti, pakiti ile kubwa, kaila yote nyuma ya pazia wakati Kibonge ameachiwa sahani yake ya mkate na yai huku mbele, kaila amesimama, wima, haraka, hata utamu hakuusikia, midomo imekauka unga, na njaa hakuwa nayo, ndilo jambo la ajabu, hakuwa na njaa hata chembe, alikuwa amemwona mtoto anaingia mlangoni na shingo ile na kitu kikamshika kifuani, na kitu kikimshika kifuani mikono yake inajua njia ya kabatini, miaka nenda rudi, kwa watu anakula vijiko viwili, "nimeshiba jamani, mnataka nipasuke," kisha anarudi kwake anafunga mlango, dukani anasema mikate ni ya wageni, wageni gani, mwenye duka keshazoea, "Bonge leo tena una ugeni?" "weee, ndugu zangu hawaishi!" na karatasi zote anazizika kwenye pipa la saluni, chini kabisa, chini ya nywele za watu, kwa sababu hakuna mwanadamu anayependa kutia mkono kwenye nywele za watu. Hakuna. Hivyo ndivyo alivyoamini mpaka leo asubuhi, alipotoka na karatasi mfukoni kumtia Mama Pacha kwenye draya, Kibonge akapita nyuma kunawa, kisha yeye akarudi kuizika, akachimba na vidole vikagusa kitu laini, bado kina uvuguvugu, tishu juu tishu chini, pale pale, shimo lake mwenyewe, mahali pake, kama umeenda kuchimba kaburi la siri ukakuta mwenzio kashazika lake... na mtu wa kawaida angetupa mkate juu juu tu, au angesema sitaki, au angempa paka, ila huyu alinyanyua nywele, akaweka, akafunika, akazisawazisha juu. Kazi safi. Kazi ya mzoefu. Shangazi alisimama pale na karatasi yake mkononi, na kilichomjia kwanza hata si huruma, ni kumtambua, kama unavyomtambua ndugu kwa mwendo kabla hujaona sura.

"Huyu alikuwa shangazi yake mtupu!" anaendelea Mama Pacha kule ndani ya draya, hakuna aliyemuuliza, "mnakumbuka? Sura, mapaja, kila kitu! Tukisema Bonge katoa kivuli! Sasa mwenzio kakukimbia, Bonge, kakuacha kwenye mataa!" na Kibonge hacheki, shingo yake inakaza, kidogo tu, mtu mwingine asingejua ila msusi anajua, shingo ndiyo inayosema kabla ya mdomo, na Shangazi anajibu, "aende tu, mbio zenyewe siziwezi!" na watu wawili wanacheka, yeye na Mama Pacha, na neno lile linabaki, kakukimbia, linazunguka... maana jina Kibonge lilitoka wapi kama si kwake, yeye Bonge na huyu Kibonge, alipozaliwa tu wifi alimfunua akasema haya njoo umchukue mtu wako, na kila sherehe, kila picha, wasimamisheni pamoja tuwaone, mtoto akikua anaambiwa ndivyo utakavyokuwa, hivi hapa, tazama, na kidole kinamwonyesha yeye, Shangazi, naye akajizungusha kama mwanamitindo watu wafurahi, ndiyo, yeye ndiye picha aliyotundikiwa mtoto ukutani, na mtoto anaikimbia hiyo picha kwa miguu yote, anaacha nyama njiani, anaacha nywele, na angejua... angejua kwamba mwenye picha naye anakimbia! Hebu tazama hiki kioo cha saluni, kioo kizima, kikubwa, nusu yote ya chini kabandika mabango ya mitindo ya nywele, wateja wachague, anasema, lakini amesimama mbele yake miaka yote hajajiona chini ya shingo, na leo Kibonge alipoingia alikigeuza kistuli mwenyewe, bila kuombwa, akaupa mgongo ukuta wa kioo. Hakuna mteja anayefanya hivyo. Watu wanalipia kioo.

Na Jumamosi mtoto anahama. Kapata kazi ya mapokezi hotelini, kapanga chumba karibu na kazini, chumba chake, mlango wake, ufunguo wake, wifi anatangaza kwa kila mtu, mwanangu kajipata, na nguo za kazi zinavyomkaa, na Shangazi anajua mlango unafanya nini kwa mtu wa namna hii, akishafunga mlango huo nani atamwona, nani atauliza sahani imekwenda wapi, shingo hii ikiwa hivi watu wakiwa wanatazama, itakuwaje... Ampigie kaka yake? Kaka atakuja na sauti yake ile, kula! kula mbele yangu! na mtoto atakula na atajua pa kwenda kukitoa. Amwambie wifi? Wifi atasema wivu, Bonge una wivu, na atalisema mbele za watu. Amwambie mwenyewe, mama kula, unatutisha? Shangazi anajaribu maneno hayo kimoyomoyo na anayaona yanavyoanguka, maana hata yeye mtu angemsimamia akamwambia acha, Bonge, acha kula, angesema sawa, angecheka, na angetafuta pipa lenye kina zaidi. Daktari, ndiyo, nesi alitaja daktari wa mambo hayo, namba yake ipo, lakini utampelekaje mtu ambaye bado anasema najitunza... Kimebaki kimoja tu, na hicho kinamtoa jasho kwenye viganja mpaka nywele zinateleza, yeye ambaye habari ya mtu haijawahi kulala mdomoni mwake, kajua za mtaa mzima kazisambaza zote, yake hii moja hajampa mtu, hata marehemu mume wake alikufa anadhani mkewe ana asili ya unene.

Draya inanguruma. Mama Pacha anaimba wimbo wa redio, vibaya. Shangazi anainama, mdomo karibu na sikio, kama anatazama mstari umenyooka.

"Nimeuona mkate," anasema.

Mabega yanaganda.

"Usigeuke. Sigombi. Niliuona kwa sababu nilikuwa nazika yangu. Pakiti nzima ya biskuti, mama, nimekula nyuma ya pazia wewe ukiwa hapa. Naficha hapo kila siku. Hapo hapo ulipoficha wewe."

Vidole vinasuka, kushoto juu, kulia juu, kushika kidogo kidogo bila kukaza, na Shangazi anangoja kicheko, cha mtoto au chake mwenyewe, au mtoto ainuke aondoke na nusu kichwa, na uso umemchoma kama amevuliwa nguo katikati ya barabara, sasa anajua, sasa ile picha ya ukutani imeongezewa uchafu, kwa nini nimesema, kwa nini...

"Shangazi." Sauti ndogo, inaelekea mbele, kwenye ukuta usio na kioo.

"Naam."

"Ukiwa unakula hivyo... unakuwa na njaa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na jibu analo, kumbe lilikuwa limekaa tayari. "Hapana," anasema. "Hata kidogo."

"Mimi ninayo," anasema Kibonge. "Muda wote. Nikilala ninayo."

Na mikono ya Shangazi inataka kukimbia, inataka dukani, inataka mkate na mayai na maziwa na kila kitu kilichopo kwenye rafu, na anaizuia, anachukua nywele nyingine chache, zilizobaki, na Mama Pacha anauliza kwa nguvu, mbona mmenyamaza nyie, na Shangazi hamjibu, anavuta kistuli karibu zaidi na kusema kwa sauti ambayo saluni hii haijawahi kuisikia, "niambie, mama, nakusikiliza," kisha anafunga mdomo.