Nyumba Iliyokosa Alama ya Maji

Siku ya nne baada ya mafuriko, kipaza sauti kilitangaza kwamba shida za wananchi zitakaguliwa kesho saa tatu asubuhi. Shida zote ziliombwa zisitoke nyumbani.

Fundi cherehani, mwanamke aliyeishi na mama wa mumewe, alishukuru. Maji yalikuwa yamekwenda na cherehani, magodoro na nusu ya paa, na ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama kwa kuona haya tu. Yeye alitaka turubai, basi. Mama mkwe wake alikuwa anakohoa tangu walipolala juu ya meza.

Lakini mama mkwe aliposikia kuna wageni, alijifunga kibwebwe. Alisukuma matope nje, akasugua kuta mpaka alama ya maji ikafutika, kisha akaazima viti vinne, vikombe na kitambaa cha meza kwa jirani wa mlimani.

"Mama, hawa wanakuja kuona hasara."

"Wataiona wamekaa wapi? Kwenye matope?"

"Matope ndiyo wanayotaka."

"Kweli mwanangu alioa maajabu."

Karani wa tathmini alifika na fomu na futi ya kupimia. Alitafuta alama ya maji ukutani, akaikosa.

"Bibi, mna shida gani hapa?"

"Shida zipi, baba? Tunamshukuru Mungu. Kaa, unywe chai."

Fundi alifungua mdomo. Mama mkwe akamkata jicho, mdomo ukajifunga wenyewe. Karani alikunywa vikombe viwili, akapiga picha, akaondoka ameridhika.

Orodha ya watakaosaidiwa ilipobandikwa, hawakuwemo. Wakaenda wote wawili kwenye meza ya malalamiko, na nyuma yao mtaa mzima umepanga foleni. Karani yuleyule akawaonyesha picha.

"Hii ni nyumba yenu au hoteli?"

"Ni yetu," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Ila si hivyo ilivyo."

"Utaratibu unataka majirani washuhudie. Sema wasikie."

Fundi alimtazama mama mkwe. Bibi alisimama wima, akikohoa ndani ya kiganja kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

"Viti si vyetu," fundi akasema kwa sauti. "Kitambaa si chetu. Vikombe si vyetu. Hata ile sukari tuliomba."

"Loo, hata sukari," mtu alisema kwenye foleni, na wengine wakacheka, wao ambao wiki hiyo hawakuwa na hata chumvi.

Mashahidi wakapatikana wengi kuliko walivyohitajika. Fomu ikagongwa muhuri.

Jioni turubai lilikuwa limefungwa vizuri, jipya, lina harufu ya dukani. Manyunyu yakaanza. Mama mkwe alikuwa amekaa nje, juu ya jiwe, mgongo ameupa mlango.

"Ingia, mama. Unalowa."

"Hilo wamepewa wenye shida," alisema, akaendelea kukohoa.