Kufuli la Tata Mathieu

Wakwe walikuwa wanakuja saa kumi na mbili jioni kumposa Stéphanie, na sebule ilikuwa nyeupe kama chumba cha sindano. Taa mpya ya LED aliifunga baba yake, Tata Mathieu, fundi umeme wa mgodini, ambaye kwake taa isiyoumiza macho si taa. Chini yake bukari, ugali wa kwao, ulionekana wa bluu, na samaki wa mama yake Stéphanie, Mama Louise, walionekana wamechacha kabla hata hawajaungwa.

"Bukwe bataona tuko bagonjwa wote!" alisema Mama Louise. "Weka ile ya manjano!"

Mgongoni taa ilikuwa na kijiswichi cha kuchagua mwanga: mweupe, wa kati au wa manjano. Kazi ya dakika tano. Stéphanie alifurahi kuona baba anapanda ngazi, maana tangu asubuhi alikuwa amenuna. Mchumba wake, Mechack, alikuwa mchimbaji wa mkono, na Tata Mathieu alikwisha kusema kwamba kijana anayeingia shimoni ovyo atamwachia binti yake ujane. Jioni hii angetoa jibu, na Stéphanie alikuwa roho mkononi.

Kabla ya kupanda, Tata Mathieu alizima umeme kwenye kisanduku cha swichi na, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, akakifunga kwa kufuli lake la kazini, kadena kama wanavyoliita. Mgodini kila fundi ana kufuli lake na ufunguo mmoja tu, ili mwenzake asije akamwashia umeme mikononi. Akasukuma kijiswichi kwenye manjano. Ndipo akajipapasa mfukoni akitafuta ufunguo.

"Clé iko wapi?" aliuliza Mama Louise.

"Ku Fungurume, kule mugodini. Mu kabati ya kazi."

Mama Louise alicheka hadi akakaa chini. Stéphanie hakucheka. Giza liliingia, na wageni wakabisha hodi.

Mzee Numbi, mjomba wa Mechack, aliketi kwa kupapasa kiti. Jirani alileta msumeno wa chuma, na Mechack, aliyeingia nyuma ya mjomba wake, akavaa taa yake ya kichwani. Tata Mathieu, kwa aibu, hakushuka; alibaki juu akikaza skrubu kwa mwanga wa simu.

"Kata tu!" akaagiza.

Mechack alikwenda kwenye kisanduku, akalishika kufuli, akaliachia.

"Tata, shuka kwanza."

"Mi niko namaliza. Kata!"

"Hapana, Tata. Kadena ni yako, na mikono yako iko ku mafilo ya umeme. Shuka, uniambie wewe mwenyewe."

Stéphanie alitamani ardhi immeze. Kubishana na baba mkwe siku ya kwanza! Mzee Numbi akakohoa. Tata Mathieu akashuka taratibu, akasimama mbele ya kijana.

"Nani alikufundisha hii?"

"Ku shimo yetu, mbele ya kushusha kitu, tunaita kwanza batu benye beko chini. Jina kwa jina."

Tata Mathieu alimpisha kwenye kisanduku.

"Sasa kata," akasema. "Ni mi nasema."

Kufuli likaanguka. Umeme ukarudi, sebule ikajaa mwanga wa manjano, na bukari ukawa bukari tena. Mama Louise akapiga vigelegele, ingawa hakuna aliyekuwa ametoa jibu lolote.

Mzee Numbi alifungua daftari na kuuliza, kwa sauti ya kujihadhari, kama wangepewa orodha ya mali ya mahari. Tata Mathieu aliliokota kufuli lililokatwa, akalitazama, kisha akamtazama binti yake.

"Andika," akasema. "Ya kwanza: kadena moja mupya. Na clé mbili. Moja itakaa kwa Mechack."