Taa za Mchana Kwenye Jaa

Mkaguzi alitua siku moja kabla ya siku yake, suruali imerowa tope la jaa, wakati Bosi anajipima suti ya kumpokelea.

Aliyemwona kwanza ni Koki. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa kutwa alikuwa akifungua na kufunga koki za mabomba yanayofyonza gesi kwenye taka na kuipeleka kwenye jenereta. Tangu chuoni alilipenda lundo lile: watu wametupa, yeye anaona mwanga. Siku hiyo gesi ilikuwa hafifu, ya kutosha friji ya zahanati ya jirani, basi.

"Washa taa," Bosi alinong'ona, tai ikining'inia begani.

Taa zilikuwa mia mbili, zimezungushwa kwenye bango: TUNAOKOA NISHATI. Jua lilikuwa utosini.

"Gesi haitoshi vyote, Bosi."

"Zima zahanati mpaka aondoke."

"Akikaa hadi jioni? Leo wanachanja, friji inafunguliwa kila dakika. Nimemwahidi Nesi haitazimika mpaka mtoto wa mwisho."

"Umemwahidi wewe, siyo kituo. Mkataba wako unaisha Ijumaa. Kalamu ya kuusaini upya anayo Nesi?"

Kazi hiyo Koki aliitafuta miaka miwili.

Mkaguzi alisogea. "Hizi taa za nini?"

"Kuonyesha umeme tunaouokoa, mheshimiwa."

"Mnauokoa kwa kuutumia?"

"Kwa kuuonyesha," alisema Bosi, kama mtu aliyemaliza maelezo yote.

"Haya, nionyeshe."

Bosi akamkoholea Koki. Koki akashika swichi ya zahanati, akaiacha ilivyo. Bosi akakohoa tena, safari hii machozi yakamtoka. Taa za bango hazikuwaka.

"Umeme upo, mzee," Koki alisema. "Uko zahanati, hapo tu nyuma ya uzio. Twende ukaone friji."

"Fomu yangu haina friji. Ina taa." Mkaguzi akaandika: *Hakuna uzalishaji.* Akaaga kwa adabu zote.

"Usihangaike kuja Jumamosi," Bosi alimwambia Koki huku akivua tai.

"Sawa, Bosi."

Hakuondoka kwenye swichi, asije mtu akaigusa. Hata chakula cha mchana hakwenda kula. Saa tisa Nesi alitokeza uzioni, jasho likimtiririka.

"Watoto wamekwisha kuchanjwa, mdogo wangu. Wote."

Ndipo Koki akaketi.