Kijiti cha Ravan

Asije mtu kuniambia eti Mungu alimpenda zaidi. Binti yangu Mehak alikuwa na pumu, na jioni ile ya Dasehra, sikukuu yetu Wahindu ya wema kuushinda ubaya, nilifunga madirisha yote, nikaziba nyufa kwa taulo zilizoloa, maana uwanja wanaochomea sanamu la Ravan, mfalme wa mashetani, uko nyuma ya mtaa wetu. Kamati ilikuwa imejigamba kwamba safari hii shetani wetu atakuwa mrefu kuliko wote Ludhiana, tumbo limeshindiliwa fataki.

"Mama, usiende," nilimwambia mama mkwe wangu, Kamlesh. "Utaturudishia moshi humu ndani."

"Wewe na taulo zako!" Akamtekenya mjukuu wake. "Mke mwenza, nikuletee kijiti?"

"Kikubwa, bibi!"

Kijiti ni kipande cha mwanzi kutoka mwili wa Ravan. Watu hukigombania moto ukiwa bado unawaka, kwani nyumba yenye kijiti hicho haiingiwi na ubaya. Mama mkwe alimpenda Mehak kuliko roho yake, na hilo ndilo linaloniuma.

Fataki zililipuka mpaka vyombo vikalia kabatini. Nje, taa ya barabarani ikamezwa na moshi. Lakini Mehak alikuwa anapumua vizuri, anachora zake kitandani, basi nikaenda jikoni kupasha maziwa.

Niliporudi, mlango wa roshani ulikuwa wazi ili baraka iingie. Moshi ulikuwa umetanda chumba kizima, na juu ya kitanda kilining'inia kijiti, bado kinafuka. Mama mkwe alikaa chini yake, uso umejaa masizi, anatabasamu. Hakuwa ameona mabega ya mtoto yanavyopanda na kushuka.

Nilimpulizia dawa, haikusaidia. Tukapanda riksha, ikakwama katikati ya umati uliotoka uwanjani, kila mtu na kijiti chake mkononi. Nilipiga kelele tupishwe. Walidhani tunashangilia, nao wakashangilia. Mehak alinifia mapajani, hospitali tunaiona.

Leo ni Dasehra tena. Mama mkwe amevaa viatu tangu mchana.

"Nitakaa mbele kabisa," ananiambia, machozi yakimlengalenga. "Kile cha mwaka jana kilikuwa kidogo, mwanangu. Na mwenyewe aliniambia kikubwa."