Upande wa Oyoo

Albamu mpya ya bendi ya Timbo ilipotoka, niliisikiliza jinsi ninavyosikiliza muziki wote ninaoupenda. Mara ya kwanza nilikaa tu sebuleni bila kufanya kazi nyingine. Mara ya pili niliisikiliza nikifua nguo, kwa sababu wimbo mzuri hukushika hata mikono ikiwa na shughuli. Mara ya tatu nilifuata maneno, wimbo baada ya wimbo. Kabla ya hapo huwa sisemi kitu. Wenzangu katika kundi la mashabiki kwenye WhatsApp wamenizoea. Wanasema bendi inaweza kuvunjika na kuungana tena kabla Khisa hajatoa maoni.

Safari hii kulikuwa na mtu aliyeyangoja maoni yangu kuliko kundi zima. Alikuwa Beverlyne, jirani yangu hapa Kitengela, mjane wa Oyoo. Oyoo alipiga gitaa katika Timbo tangu bendi ianze, na alikuwa rafiki yangu. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Alipokuwa hana tena nguvu za kwenda studio, wenzake walimfuata nyumbani wakamrekodi pale pale sebuleni kwake. Walimwahidi kwamba albamu ikitoka, atakuwa ndani.

"Shemeji, mimi siwezi kuanza," Beverlyne aliniambia siku ilipotoka. Alikuwa amesimama kwenye geti na kitambaa cha jikoni begani. "Nikiweka hiyo kitu nimkose, sijui nitafanya nini. Wewe husikiliza polepole. Sikiliza, halafu uniambie kama yumo."

"Na asipokuwemo, Mama Sheryl?"

"Basi wasikuje nyumbani Desemba."

Desemba familia ingefanya kumbukumbu ya Oyoo kwao Siaya, na bendi ilikuwa imeomba kwenda kumpigia kando ya kaburi. Beverlyne alikuwa bado hajawajibu.

Kwa hiyo nilisikiliza. Albamu inaitwa Nyumba Bila Paa, na anayeishi Kitengela, kati ya nyumba zisizokwisha kujengwa, haulizi kwa nini. Wimbo wa kwanza ulinishtua kidogo kwa kasi yake. Ngoma za Kuntai zinaingia kabla hujakaa vizuri, kama mtu anayeanza kukusimulia jambo akiwa bado mlangoni. Sauti ya Mumo imekuwa nzito kuliko zamani, na ameacha kupiga kelele mwishoni mwa kila mstari. Sasa anakusogezea maneno, anakuacha uyachukue mwenyewe. Wimbo wa tatu, ule wa mama anayemwagilia miche ya miti kwenye kiwanja ambacho hajapata nguvu za kukijenga, niliurudia hadi nikasahau nguo kwenye beseni.

Lakini Oyoo sikumsikia.

Nilimsikia Morgan, kijana aliyeletwa kumsaidia Oyoo alipoanza kuugua. Anapiga vizuri, safi, kila noti mahali pake. Oyoo hakuwa hivyo. Gitaa lake lilikuwa likichelewa kidogo nyuma ya ngoma, kama mtu mnayetembea naye ambaye husimama kusalimia kila anayekutana naye. Nilimtafuta katika nyimbo zote. Kwenye wimbo wa mwisho, ambao bendi ilisema ndio aliorekodi nyumbani, kulikuwa na mapengo marefu ambapo Mumo aliimba na ngoma tu. Nilifikiri wameyaacha hayo mapengo kama heshima, kama kiti kinachoachwa wazi mezani. Lakini kumwachia mtu kiti si sawa na kumkalisha.

Sikutaka kumwambia. Hata hivyo alikuwa ameniuliza, na kila nilipopita getini aliniangalia usoni. Mwishowe niliingia, nikakaa, nikakataa chai.

"Mama Sheryl, nimesikiliza mara tatu. Sijamsikia."

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Labda ni sauti ya chini."

"Labda. Lakini mimi sijamsikia."

"Walikuja hapa," alisema. "Walivuta hizi waya zao mpaka jikoni. Nikatoa watoto nje jua kali ili kusiwe na kelele. Oyoo akapiga mpaka jasho ikamtoka, nikamwambia apumzike, akakataa. Sasa wameitupa?"

"Sijui kama wameitupa. Nipe nafasi niwaulize."

"Uliza." Alisukuma sinia kando. "Lakini usiulize kama shabiki, Khisa. Uliza kama mtu wetu."

Siku iliyofuata nilienda Isinya, anakoishi Kuntai. Siku zisizo na muziki Kuntai hufuga kuku, na Wamaasai wenzake, watu wa ng'ombe, bado hawajamsamehe. Nilimkuta ndani ya banda akijaza vyombo vya maji.

"Sopa, Khisa!"

"Ipa."

"Umeleta maoni ama umeleta njaa?"

"Nimeleta swali. Oyoo mko naye wapi?"

Aliweka mtungi chini. Uso wake ulibadilika, nikaona kwamba nimemuumiza.

"Unauliza nini?"

"Nimesikiliza albamu yote. Beverlyne aliniomba. Hayumo, Kuntai."

"Hayumo?" Alitoka nje ya banda, akafunga mlango wa waya taratibu, akanigeukia. "Mumo alilia studio wiki nzima kwa sababu ya hiyo gitaa. Hatukuigusa. Tulijenga wimbo mzima kuizunguka. Kwani wewe ulisikiliza na nini?"

Nilitoa simu mfukoni pamoja na earphone yangu. Kuntai aliichukua, akaigeuza mkononi. Ilikuwa na upande mmoja tu. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya mawe, na mashine ya kukata ilikuwa ikikaa kushoto kwangu. Sikio la upande huo lilikufa siku nyingi. Kila ninaponunua earphone, ule waya wa kushoto hunisumbua bure, huning'inia na kunasa kwenye vifungo vya shati. Basi huukata. Nimefanya hivyo kwa kila earphone niliyowahi kuwa nayo, na zote zilinitosha.

Kuntai aliangalia ile ncha iliyokatwa, akaniangalia mimi, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi kuku wakakimbilia kona ya mbali ya banda.

"Aii, Khisa! Umemkata Oyoo na makasi!"

"Sielewi."

"Albamu za kwanza tulirekodi ndani ya kontena, maiki moja katikati. Ukisikiliza kulia ama kushoto ni kitu ile ile. Hii tumeenda studio ya ukweli. Kuna vitu ziko kulia na vitu ziko kushoto. Morgan yuko kulia." Alipangusa macho. "Oyoo tulimpa upande wa kushoto wote. Yake peke yake."

Alinipeleka kwenye pikapu yake, akaniketisha kiti cha abiria, akawasha redio na kuunganisha simu. Aliweka wimbo wa mwisho. Spika ilikuwa mlangoni, karibu na goti langu la kushoto, na sikio langu zima lilikuwa upande wa pili, lakini ndani ya gari sauti haina pa kukimbilia. Yale mapengo niliyodhani ni heshima yalijaa. Oyoo alikuwemo, akichelewa vile vile, akisalimia watu njiani. Niliinama nikashika dashibodi. Kuntai aliacha kucheka.

Wimbo ulipoisha aliuliza, "Umeshamwambia Beverlyne?"

"Nimemwambia."

"Kwamba hayumo?"

"Kwamba sijamsikia."

"Kwa mwenye mume ni kitu moja." Alishuka, akapakia trei za mayai nyuma ili safari isiwe ya bure, akarudi kwenye usukani. "Twende."

Beverlyne alikuwa akianua nguo tulipofika. Alimwona Kuntai, akaendelea kuanua.

"Umekuja kujitetea?"

"Hapana, Mama Sheryl," alisema Kuntai. "Nimeleta gari."

"Gari ya nini?"

Nilimweleza mimi. Nilimwonyesha ile earphone. Nilimwambia sikio langu na makasi yangu ndivyo vilivyomtoa Oyoo, si bendi. Alinisikiliza mpaka mwisho, nguo zimejaa kifuani.

"Kwa hivyo ulikuwa unanipatia nusu ya habari."

"Nusu, ndiyo. Pole sana."

"Na hukujua."

"Sikujua."

Alitingisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimpe ile habari niliona mdomo wake ukitaka kucheka. Kisha ukaacha. Aliweka nguo juu ya ukuta, akapanda pikapu, akavuta mlango. Mimi niliingia kwa mlango wa dereva, nikakaa katikati yao, magoti yamebanwa na gia.

Kuntai aliweka wimbo. Beverlyne aliangalia mbele, mikono mapajani. Ulipofika katikati alisema, "Hao wengine wananichanganya. Unaweza kuwatoa?"

Kuntai alifikiri kidogo. Redio ya pikapu ile ni ya zamani, ina kitufe cha kugawa sauti kati ya kulia na kushoto. Alirudisha wimbo mwanzo, akakizungusha kitufe kushoto hadi kikagota. Morgan na Mumo wakatoweka. Ngoma zikabaki kwa mbali, kama zinapigwa nyumba ya jirani. Mbele ya kila kitu kikabaki gitaa la Oyoo, na chini yake sauti ndogo ya kitu kinacholalamika.

"Hiyo ni nini?" niliuliza.

"Ni kiti," alisema Beverlyne. "Ile ya mezani, ya mguu mbaya. Nilimwambia akalie ingine, akasema wacha ilie, nayo pia inajua wimbo."

Gitaa liliendelea, kiti kikaendelea. Mahali fulani Oyoo aliteleza, akakosa noti, akanong'ona neno la Kijaluo, kisha akairudia noti ile polepole na kuipata. Bendi ilikuwa imeliacha kosa lile lilivyo. Nimesikiliza muziki maisha yangu yote bila mtu wa kunifundisha, na sijawahi kushukuru kwa noti iliyokosewa kama nilivyoshukuru kwa ile.

Beverlyne alifunika mdomo. Mabega yalikuwa yakitikisika, na kwa muda sikujua kama ni kilio. Kisha nikasikia kicheko.

"Hapo!" alisema. "Hapo hapo! Hata kanisani alikuwa anaanguka hapo!" Alipangusa uso kwa upande wa kanga. "Kuntai, mwambie Mumo nyumbani tunaamka mapema. Wafike siku moja mbele, walale. Na kama hamtapiga hii, msikuje."

"Tutapiga, Mama Sheryl."

"Na msimrekebishe."

"Hatuwezi."

Alishusha kioo, akatoa kichwa nje na kuita kuelekea nyumbani, kwa ile sauti ambayo mtaa wetu haukuwa umeisikia tangu mazishi.

"Sheryl! Wee Sheryl! Acha hiyo kitu unafanya, kuja. Kuja usikie baba yako akikosea!"

Msichana alitoka mbio bila viatu. Kuntai alinifungulia upande wake, nikashuka kumpisha, nikasimama nje karibu na dirisha, sikio langu zima likiwa limeelekea ndani, na Kuntai akarudisha wimbo mwanzo.