Ruhusa ya Askofu

Mimi ni fundi cherehani, na usinicheke nikikwambia nimewashonea mapadri wengi kuliko maharusi. Mkatoliki wa damu. Mdogo wangu wa kike aliolewa na mlokole, akahamia huko kwenye makofi na vinanda. Tulikuwa tunataniana tu: mimi namwita Haleluya, yeye ananiita Sanamu. Hakuna aliyewahi kununa.

Kisha mama yetu akafariki, na wiki ya tatu mdogo wangu akaanza kusema kwa sauti ya mama. Si kuigiza, jamani. Sauti ile ile, na kile kikohozi chake cha kukwaruza. Akakataa kula, akakataa kumshika mwanawe mchanga. Siku ya tano midomo yake ilikuwa imepasuka na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Niliogopa kweli. Nilijua tukizubaa tutazika tena.

Nikamleta padri. Akamwombea, akamwekea mkono kichwani, kisha akasema taratibu, "Kwanza daktari amwone. Na kumpunga pepo siwezi bila ruhusa ya askofu. Naandika barua leo hii."

Shemeji yangu akaruka. "Barua! Kwani shetani naye anasubiri mhuri?"

"Na wewe unataka kumfukuza kabla hujajua kama yumo," padri akamjibu.

Daktari akaja, akamtundikia dripu, akasema msiba unaweza kumvuruga mtu. Kesho yake mchana akaja mchungaji wao, koti kalivua mlangoni. Akasema kila aliyeokoka amepewa mamlaka, hahitaji karatasi ya mtu. Na wafu hawarudi. Hilo ni pepo limejivika sauti ya marehemu. Wakaanza kukemea, "Toka kwa jina la Yesu!", mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mimi nimekaa pembeni na rozari yangu, roho mkononi.

Mdogo wangu akafumbua macho. Hakumtazama mchungaji, hakumtazama mumewe. Akanitazama mimi.

"Kasula imekwisha?" sauti ya mama ikauliza.

Mchungaji akamgeukia shemeji, "Kasula ndiyo nini?" Kwao hawaivai. Ni lile vazi la juu la padri wakati wa misa, na mimi peke yangu mle ndani nilijua ni kasula gani.

Siku aliyofariki, mama alikuwa kwangu, kwenye kitanda nyuma ya cherehani. Akaniambia, "Mwanangu, niitie padri anipake mafuta. Nisiende hivi hivi." Kutoka kwangu hadi parokia huwezi hata kutoka jasho. Lakini nilikuwa napindia kasula ya sikukuu, na sikukuu ilikuwa kesho. Nikamwambia, "Ngoja mama, nimalize upindo huu." Nikaumaliza, nikaanza mwingine. Nilipoinua kichwa, kikohozi kilikuwa kimekoma. Watu niliwaambia kafa usingizini. Mdogo wangu hakuwepo, na sikumwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio.

Nikapiga magoti mbele ya walokole wote wale. "Imekwisha, mama. Padri aliivaa, watu wakaisifu. Nimekuacha uende bila mafuta kwa ajili ya nguo. Nisamehe."

Mdogo wangu akakohoa mara moja, akalala. Jioni akaomba chai, kisha akaomba mtoto wake.

Mchungaji anasema jina la Yesu limefanya kazi. Daktari anasema ni dripu. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake; sikubishana na mtu. Mdogo wangu mwenyewe hakumbuki lolote, na mumewe, Mungu ambariki, hajamwambia.

Jumamosi padri akapita dukani kwangu na barua ya askofu, mhuri mwekundu, jina la mdogo wangu katikati.

"Imechelewa," akasema huku akitabasamu. "Sasa haina kazi, tumshukuru Mungu."

Alinikuta nimekaa tu, mikono mapajani. Siku tatu sijashona. Kila nikikanyaga cherehani, kile kikohozi kinaanza nyuma yangu, pale kitandani. Na kitanda chenyewe nilishakitoa.

"Baba, usiichane," nikamwambia. "Futa jina lake. Andika langu."